Dripu ya mapema kwa mifupa ya aliyepooza

Familia ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, au aliyegongwa akiwa kwenye boda boda, huniuliza mambo mawili hapa Kisumu: atatembea tena? Vidonda vya mgongoni vitakauka lini? Mifupa ya miguu hakuna anayeiulizia, na ndiyo inayopungua wakati huo huo.

Uti wa mgongo ukiumia, miguu haibebi tena uzito. Seli zinazobomoa mfupa hushika kasi, zinazojenga huzembea, na kalisiamu huishia kwenye mkojo. Hasara kubwa hutokea mwaka wa kwanza, hasa karibu na goti. Baadaye, kuhamishwa tu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kunatosha: mguu unanasa, unajipinda, paja linavunjika juu kidogo ya goti. Mwenyewe huenda asisikie maumivu yoyote. Ndugu huona goti limevimba na lina joto, wakalikanda kwa maji moto siku mbili tatu kabla ya kuja. (Jamani, msikande. Mleteni apigwe eksirei.)

Dawa ninayoitetea ni asidi ya zoledroniki: dripu moja ya miligramu 5 kwa mwaka, iingie kwa dakika zisizopungua 15. Ikitolewa miezi michache ya mwanzo, hulinda nyonga vizuri. Kwa goti ushahidi ni hafifu zaidi, na simfichi mgonjwa. Kabla ya hapo napima figo, kalisiamu na vitamini D, na naomba meno yaangaliwe. Baada ya dripu, homa ya siku moja mbili ni kawaida. Ikizidi, apimwe malaria, maana ziwa liko hapo tu.

Vidonge vya kalisiamu peke yake havizuii upotevu huu.

Alendroneti, kidonge cha miligramu 70 kwa wiki, ni nafuu, ila ukishakimeza kwa glasi nzima ya maji ni lazima ukae wima nusu saa. Aliyevunjika shingo na hawezi kujikalisha, kikimkwama kitamchoma umio.

Denosumabu, sindano ya kila miezi 6, imeonyesha dalili nzuri hata kwenye goti. Shida ni kuiacha: mfupa hupungua ghafla, na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Familia ikiniambia ina pesa ya sindano moja tu, siiandiki.