Mbona kiungo kimoja hufungua hati papo hapo, kingine huipakua tu?

Umetumiwa viungo viwili. Unabofya cha kwanza, cha PDF, na kurasa zinajitandaza ndani ya kivinjari kama tovuti yoyote ile. Unabofya cha pili, cha hati ya Word, na unachoona ni kimshale kinachoshuka kwenye kona: faili imepakuliwa, kaitafute mwenyewe. Kivinjari ni kilekile, intaneti ni ileile. Sasa tofauti imetoka wapi?

Wengi hudhani kivinjari hutazama herufi za mwisho za jina la faili, zile .pdf au .docx. Sivyo hasa. Seva, yaani kompyuta inayotunza faili hizo, inapojibu, kabla ya kutuma faili yenyewe hutanguliza mistari michache ambayo wewe huioni. Mmojawapo hutaja aina ya kitu kinachokuja:

Content-Type: application/pdf

Ichukulie kama lebo ya kwenye kifurushi. Kwa asili lebo hizi hazikuwa za wavuti. Zilibuniwa kwa ajili ya barua pepe, na mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakachapisha kanuni zake, ili barua ziweze kubeba picha na viambatisho badala ya maandishi matupu. Wavuti iliazima tu. Kivinjari kikishasoma lebo hujiuliza kama kitu hicho kinakijua. Kurasa za wavuti, picha na video hukijua tangu zamani. PDF kimejifunza baadaye: Chrome ilianza kuja na kisomaji chake mwaka 2010, Firefox ikafuata mwaka 2013. Word, Excel na PowerPoint hadi leo kwa kawaida ni wageni kwake, kwa hiyo hupokea mzigo, huuweka chini na kuiachia programu nyingine.

Seva inaweza pia kuongeza agizo la pili: attachment, yaani usionyeshe, hifadhi. Ndiyo sababu hata PDF mara nyingine hupakuliwa badala ya kufunguka. Usikilaumu kivinjari, mwenye tovuti ndiye aliyetaka hivyo.

Lakini kwa nini kivinjari kijifunze PDF na kiiache Word, ilhali Word ndiyo imejaa maofisini? Kwa maoni yangu jibu limo ndani ya faili zenyewe. PDF ni kazi iliyokwisha kupangwa: inasema herufi hii ikae hapa, mstari huu upite pale. Msomaji anachora tu. Hati ya Word haisemi hivyo. Inasema hii ni aya, fonti ni hii, pambizo ni kadhaa, jedwali lifuate. Kisha programu ndiyo ipige hesabu ya wapi mstari ukatike na ukurasa wa pili uanzie wapi. Kukosekana kwa fonti moja tu kunatosha kusukuma saini ikaangukia ukurasa wa peke yake. Kanuni za muundo huo, zilizotolewa mwaka 2006, zina zaidi ya kurasa 5,000. Hakuna mtengeneza vivinjari anayezitamani.

Kama huamini kwamba hati ya Word ni bohari zima, jaribu hivi. Tengeneza nakala ya faili ya .docx, badilisha mwisho wa jina uwe .zip (yaani kifurushi cha faili kadhaa zilizobanwa pamoja), kisha uifungue. Utakuta folda, na ndani ya ile iitwayo word kuna document.xml, ambamo maneno yako yamekaa yamezungukwa na alama chungu nzima. Hata herufi mbili za kwanza kabisa za faili hiyo ni PK, za jina la Phil Katz, aliyebuni zip. Muundo wa .docx ulipoingia na Office 2007, seva nyingi hazikuwa na lebo yake, na watu wakawa wanabofya barua wanapata faili ya zip. Wengine waliletewa ukurasa uliojaa vibambo vya ajabu ulioanza na PK hizohizo. Faili ilikuwa nzima. Lebo ndiyo ilikuwa ya uongo.

Viungo vya Google Docs na Word ya mtandaoni ni jambo jingine. Pale huletewi faili, unaletewa ukurasa wa wavuti, na kazi ya kupanga hati imegawanywa kati ya seva na ukurasa huo.

Kinachonikera zaidi ni hiki: ulichofungua kutoka kwenye kiungo cha kawaida ni nakala. Niliwahi kuchagua "fungua" badala ya "hifadhi", nikahariri ripoti kwa saa nzima, nikahifadhi, nikafunga. Kesho yake nabofya kiungo kilekile, naletewa ripoti ya mwanzo, haina hata koma yangu moja. Kazi yangu ilikuwa imeandikwa kwenye folda ya faili za muda, ambayo kompyuta huisafisha ikijisikia. Firefox iliacha mtindo huo mwaka 2022, sasa huhifadhi moja kwa moja kwenye vipakuliwa, na tatizo limegeuka kuwa ripoti (1), ripoti (2), ripoti (3).

Vipo viungo vinavyokwepa hayo, vinavyoanza na ms-word: badala ya https. Hivyo humwita Word aifuate hati mwenyewe kwenye seva na kuirudisha hukohuko. Usishangae akikuomba nenosiri wakati kwenye kivinjari ulishaingia. Hao wawili si lazima washirikiane funguo.

Na ule ukanda wa manjano juu ya hati ya Word unaokuzuia kuhariri? Kwenye Windows, kivinjari kikipakua faili huibandika kipande kilichofichwa chenye maneno ZoneId=3, maana yake imetoka intaneti. Tangu Office 2010, Word ikikiona hufungua hati kwa kusoma tu. Kipande hicho huhitaji diski yenye mfumo wa kupanga faili kama NTFS, ambao Windows hutumia kwa kawaida, hivyo ukiipitishia hati kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32, usioweza kukibeba, hudondoka njiani, na hati hufunguka bila ukanda wowote.