Tindikali si Sabuni: Dhana Potofu Kuhusu Maboya ya Boti ya Pontuni

Wiki hii nimeletewa boti nyingine ya pontuni, ile yenye sitaha bapa inayoelea juu ya maboya marefu ya alumini, iliyooshwa kwa tindikali ya vyoo. Mwenyewe alikuja nayo kwa furaha: “Fundi, tazama maboya yalivyotakata!” Kwa mbali yalikuwa meupe kweli. Nikalala chini ya trela na tochi yangu. Michirizi iliyofifia ilishuka kutoka ubavuni hadi tumboni mwa boya, pale tindikali ilipotiririka ikaachwa ikauke. Nikapitisha ukucha juu ya mchirizi mmoja, ukakwaruza vishimo vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Tukajaza boya upepo kidogo na kulipaka povu la sabuni. Chumba cha mbele ndani ya boya kilitoa mapovu sehemu tatu, zote kwenye michirizi ileile.

“Tindikali ndiyo inayotoa uchafu”

Hili nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo nalieleza lote. Kinga ya alumini ni ngozi nyembamba ya oksidi, unene wa nanomita chache tu, ambayo hujitengeneza yenyewe mara alumini inapokutana na oksijeni ya hewani. Ngozi hiyo hutulia kwenye pH (kipimo cha utindikali na ualkali) ya kati ya 4 na 8.5 hivi. Nje ya hapo, chini au juu, huanza kuyeyuka. Tindikali ya vyoo kwa kawaida ni ya haidrokloriki, kali kupita kiasi kwa kazi hii. Huivua ngozi, kisha huila alumini yenyewe. Yale mapovu yanayowafurahisha watu, wakidhani uchafu unachemka, ni gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hushika moto. Kisha kloridi ya tindikali hiyo hujificha kwenye vishimo na kwenye maungio yaliyochomelewa, na huendelea kutoboa hata baada ya kusuuza. Ukuta wa boya una milimita 2 hadi 3 hivi. Kila mwosho wa namna hiyo unaupunguza.

Wakishaelewa hayo, wengine hukimbilia soda kali ya kuzibulia mabomba au dawa ya kusafishia oveni, kwa kuwa “hiyo si tindikali”. Sawa, ni alkali, na alkali kali huyeyusha alumini vilevile. Dawa ya klorini nayo haina kazi kwenye boya, na ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu. Ziko pia dawa zinazouzwa kwa jina la kung’arishia alumini, na baadhi yake zina tindikali ya haidrofloriki. Soma lebo. Ukiliona jina hilo, rudisha chupa dukani. Hupenya ngozi ya mtu na kukamata kalsiamu mwilini, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa wakati madhara yameshaingia ndani. Mimi siruhusu iingie karakana yangu.

Fanya hivi. Boti ikitoka majini, ioshe papo hapo, ukoga ungali mbichi. Kazi ya dakika ishirini inageuka kazi ya kutwa nzima ukoga ukishakaukia juani. Tumia maji mengi, brashi laini ya nailoni na sabuni isiyo kali. Paka sabuni kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, kisha suuza kuanzia juu kwenda chini. Ule mstari mweupe wa chumvichumvi kwenye usawa wa maji, upake siki ya jikoni iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Subiri dakika chache, usiiache ikauke, sugua, suuza sana. Haujatoka? Rudia. Siki mara tatu ni nafuu kuliko tindikali mara moja, na hili nitaendelea kulisema hata mkinichoka.

“Alumini haishiki kutu”

Haishiki kutu jekundu, lakini inalika, na dalili yake ni unga mweupe na vishimo. Hulika zaidi pale inapokaa na unyevu bila hewa, kama chini ya majani na tope, au juu ya zulia la trela lisilokauka. Inua boti ukague hapo. Na ikiwa mbao za trela zimetiwa dawa yenye shaba, zibadilishe.

“Stiliwaya inasugua vizuri”

Inasugua, na inaacha chembe za chuma zilizojikita kwenye alumini. Chembe hizo hushika kutu, na alumini iliyozizunguka huliwa. Brashi ya waya ni hivyohivyo.

“Rangi ya kuzuia viumbe ni ileile kwa boti zote”

Rangi nyingi za namna hiyo, za kuzuia viumbe wa majini wasijishikize kwenye boti, hutegemea shaba. Shaba na alumini zikigusana majini huwa betri, na inayoliwa ni alumini. Tafuta iliyoandikwa kwamba inafaa alumini, na upake praima inayostahili kwanza. Boti inayolala juu ya trela haihitaji rangi hiyo kabisa.

“Zinki inatosha popote”

Zinki hapa ni anodi, yaani kipande cha metali kinachofungwa kwenye boti ili kiliwe badala ya alumini. Kwenye maji ya chumvi, ndiyo, inatosha. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinki hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo weka anodi ya magnesiamu. Usiipeleke hiyo baharini, itaisha upesi. Anodi yoyote ikifika nusu, badilisha. Na tafadhali msizipake rangi! Anodi iliyopakwa rangi hailindi chochote.

“Boya linalong’aa kama kioo ndilo lililotunzwa”

Ule ukijivu unaowaudhi watu ndio ngozi yenyewe ya kinga. Kung’arisha kwa mashine kunaiondoa pamoja na alumini kidogo, halafu inajijenga upya na ung’avu unafifia. Ukiupenda mng’ao, si dhambi, ila ufanye mara chache na umalizie kwa kupaka kinga inayofaa alumini kabla boti haijarudi majini. Mimi boti yangu nimeiacha na kijivu chake. Naiosha kila inapotoka majini, na kila msimu napitisha kiganja kwenye maungio yote nikitafuta unga mweupe.