Hazina ya vijana katika hoki ya barafu: thamani yake hupimwaje?

Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, hazina ya vijana ni wachezaji wote ambao klabu inashikilia haki zao lakini bado hawajapata namba ya kudumu timu ya wakubwa. Wengi huchaguliwa kwenye drafti ya kila mwaka, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, yenye raundi 7 kwa timu 32. Utawakuta ligi za vijana za Kanada, vyuo vikuu vya Marekani, klabu za Uswidi na Ufini, au AHL, ngazi iliyo chini ya NHL.

Mashabiki wengi huhesabu vichwa, na hapo ndipo wanapopotea. Timu huwa na safu nne za washambuliaji zinazopokezana, ya kwanza ikiwa bora zaidi. Vijana kumi wa kuziba mapengo safu ya nne hawamfikii mmoja atakayeshika usenta, yaani nafasi ya mshambuliaji wa kati, safu ya kwanza kwa miaka kumi. Mchezaji wa safu ya nne hupatikana sokoni kila kiangazi. Nyota, klabu yake haimwachii. Ndiyo maana mimi huanza na swali moja tu: ni wangapi humu wanaoweza kuwa nyota, na uwezekano huo ni mkubwa kiasi gani?

Nafasi ya kuchaguliwa hailijibu swali hilo. Nail Yakupov alikuwa wa kwanza kabisa mwaka 2012, na hakufikia matarajio. Nikita Kucherov alikuwa wa 58 mwaka 2011, Brayden Point wa 79 mwaka 2014. Wote wawili walikuwa nguzo za klabu ya Tampa Bay ilipotwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, 2020 na 2021.

Takwimu nazo zisomwe kwa utulivu. Pointi 20 (mabao na pasi za mabao) za kijana wa miaka 18 anayekabana na wanaume wazima Uswidi zinaweza kuwa na uzito zaidi kuliko pointi 80 za aliye na miaka 19 kwenye ligi ya vijana. Tazama hata tarehe ya kuzaliwa. Ili kuingia drafti, kijana lazima awe ametimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ya mwaka huo. Aliyezaliwa Septemba 16 husubiri mwaka mzima, kwa hiyo siku ya drafti huwa mkubwa kuliko karibu wenzake wote wanaochaguliwa kwa mara ya kwanza. Kisha uliza pointi hizo alizipataje: timu zikiwa sawa uwanjani, au mpinzani akiwa na mtu kwenye benchi la adhabu?

Makipa ni habari nyingine. Wanakomaa taratibu, na kuwatabiri ni kazi ngumu mno. Henrik Lundqvist alichaguliwa wa 205 mwaka 2000, akaja kuwa mhimili wa New York Rangers kwa miaka 15. Kipa wa miaka 19 simpi uzito mkubwa, hata akisifiwa vipi.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: hazina hushuka thamani pale inapofanya kazi yake. Kijana bora akipanda timu ya wakubwa, jina lake hutoka kwenye orodha, na klabu huonekana imefilisika kumbe imevuna. Kwa hiyo ukiona klabu imeporomoka kwenye viwango vya hazina, fungua kwanza kikosi chake cha wakubwa, uhesabu walio chini ya miaka 23 wanaocheza safu mbili za juu.