Injini Ikianza Kugonga, Beringi Zilishaanza Kufa Zamani

Jumapili jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, alinijia na Subaru yake ya turbo, inagonga ko ko ko kama mtu anabisha geti la chuma, halafu ananiambia imeanza leo asubuhi tu. Hapana ndugu yangu, haijaanza leo. Hii ndiyo dhana inayotuulia injini nyingi, eti beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, zinakufa ghafla. Beringi ni vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyopakwa madini laini, na injini ikiwa inazunguka, krenki (ule mhimili mkuu unaozunguka chini ya pistoni) haitakiwi kuvigusa kabisa, inaelea juu ya oili kwenye kanafasi ka kama milimita 0.05, unene wa unywele hivi. Oili ikipungua au ikichoka ule utando unakatika, chuma kinasugua chuma, nafasi inapanuka, presha inashuka, na wewe husikii kitu. Mlio unakuja mwisho.

"Lakini taa ya oili haikuwaka." Kwa magari mengi ile taa nyekundu inasubiri presha ianguke sana ndiyo iwake, haikuambii oili imebaki kiasi gani, hiyo ni kazi ya kijiti cha kupimia oili. Kivute kila unapoweka mafuta, gari iko tambarare, injini umezima dakika kadhaa. Hizi Subaru zenye injini ya EJ turbo zinaweza kula oili bila kutoa moshi wowote wa kukushtua, sasa ukate kona kali oili ikiwa chini, pampu inavuta hewa, na sekunde chache tu zinatosha kuharibu.

Halafu kuna wa "weka oili nzito itanyamaza". Itanyamaza kweli, siku mbili tatu, lakini oili hairudishi chuma kilicholika. BMW M3 ya V8, ile ya 2007 hadi 2013, kiwanda chenyewe kiliagiza 10W-60, oili nzito sana, na bado beringi zake za konrodi zinajulikana kulika mapema, mpaka wenye nazo wengi wanazibadilisha kabla hazijagonga. Fuata kitabu cha gari lako basi.

Na usiseme wewe huendeshi kasi. Kupanda kilima cha Naguru na gia ya tano, injini inatetemeka kwa chini na wewe unakanyaga tu, kunabana beringi vibaya kuliko watu wanavyodhani, shusha gia. Asubuhi nako ile geji ya joto inaonyesha maji, oili inachelewa kupata moto, kwa hiyo hata mshale ukifika katikati endesha pole pole dakika kama kumi zaidi ndiyo uiamshe turbo. Na kilomita 10,000 kwa oili moja kwenye jamu na vumbi letu hili mimi siwezi, namwaga kwa 5,000.

Kitu ninachowaomba sana watu wafanye ni kupasua filta ya zamani. Usiitupe! Kata kopo, toa ile karatasi ya ndani, ikamue, itandaze juani. Vumbi jeusi halina shida. Ya jirani tuliitandaza juu ya boneti, akaigeuzageuza kwenye mwanga na vikaonekana vichembe vya rangi ya shaba, vinameta kama unga wa shilingi, akanyamaza muda mrefu. Shaba ikionekana maana yake lile tabaka laini la juu la beringi, linaloifunika shaba, lilishaisha.

Akataka kununua beringi mpya kwenye soko la vipuri la Kiseka abandike tu. Mimi niliwahi kufanyiwa hivyo na fundi mmoja, krenki ina mikwaruzo, hakuipima, ikarudi kugonga kabla ya miezi miwili. Krenki ipimwe kwa maikromita, ikibidi ichongwe uweke beringi za 0.25, yaani za krenki iliyopunguzwa milimita 0.25, njia zote za oili na kipoza oili visafishwe maana chembe zinajificha humo, na bolti za konrodi ziwe mpya. Jirani amekubali, gari ameivuta kwa kamba, haijawashwa tena tangu Jumapili.