Futi mbili kasoro nusu inchi

Wanaonijua kwa kazi za tovuti na nembo huniuliza siku hizi nimepotelea wapi. Nipo Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana ya Baba ya useremala, nywele zimejaa unga wa mbao. Maelezo yake ni marefu kidogo, na nadhani yatamfaa mtu mwenye karakana ya nyumbani na laptopu.

Baba alianza na vitanda vya mninga na mkongo, kama wengi wa Keko enzi zile: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6, basi. Mbao ngumu ilipozidi kupanda bei, na wateja wakaanza kuja na picha kwenye simu, kazi ikahamia taratibu kwenye makabati ya MDF, bodi za kiwandani za nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Mimi ni kitindamimba. Sikusomea ubunifu wala kompyuta darasani. Nilijifundisha kwa mashine ya mtumba na vifurushi vya usiku, nikianza na Inkscape ya kuchorea, kisha kurasa za wavuti, mwisho Python, lugha ya kuandikia programu. Nikapata na ugonjwa wa waliojifundisha wenyewe: ukishajua kutengeneza tovuti, kila tatizo la dunia unaona dawa yake ni tovuti.

Kwa hiyo nikaijengea karakana tovuti. Nembo, rangi, picha za makabati zilizopigwa jua likiwa linazama. Miezi miwili nzima. Aliyeagiza kupitia tovuti alikuwa mtu mmoja, naye ni binamu yangu, nashuku alinionea huruma. Wateja wa kweli waliendelea kuja kwa namba ya Baba ya WhatsApp na kwa kuambiwa na jirani. Ningekuwa nimekaa siku tatu tu kwenye kiti cha plastiki pale ndani nikitazama kazi inavyokwenda, ningeona kwamba pesa yetu inavujia kwenye msumeno.

Niwaeleze bodi kwanza. Bodi ya MDF tunayonunua ni futi 4 kwa 8, kiwandani wanaiandika milimita 1220 kwa 2440, unene 18. Hiyo ndiyo sarufi ya kazi yote. Kabati lolote utakalolichora, hata liwe zuri namna gani, lazima litoke kwenye mistatili ya ukubwa huo, na kisichotumika kinabaki pembeni ya ukuta kinaitwa kipisi. Sisi tulikuwa na ukuta mzima wa vipisi. Mama alikuwa anapikia vya mbao halisi, lakini MDF ina gundi, moshi wake si wa jikoni, kwa hiyo vilirundikana tu.

Nikaamua kuandika programu: unaingiza upana, urefu wa kwenda juu, kina, idadi ya milango na droo, inakutolea orodha ya vipande na mchoro wa namna ya kuvikata. Sehemu ya orodha ni hesabu ya shule ya msingi. Kabati lenye upana wa 1200 lina mbavu mbili, yaani bodi za kusimama za kushoto na kulia, zenye unene wa 18 kila moja, kwa hiyo rafu inayokaa katikati ni 1200 ukitoa 36, yaani 1164. Ukikosea hapo rafu haiingii.

Sasa ili programu ianze na vipimo vyetu vya kawaida, nilikwenda kumuuliza Baba kina cha kabati la nguo.

"Futi mbili kasoro nusu inchi," akasema bila kuinua kichwa.

"Kwa nini kasoro?"

"Ndivyo tunavyokata, mwanangu."

Nikaona hayo ni mambo ya wazee. Futi mbili ni milimita 610, namba safi, na hanga linapumua vizuri zaidi ndani. Nikaandika 610. Wiki hiyohiyo ikaja oda ya makabati sita ya nyumba ya wageni, nikachapa karatasi, nikampa fundi wetu mkuu, mzee tunayemwita Babu. Akaisoma, akaniangalia, akasema, "Karatasi imesema," akawasha msumeno.

Ubavu wa kwanza ulitoka 610 kamili. Wa pili, kutoka bodi ileile, ulitoka 607. Diski ya msumeno ina unene wake. Kila inapopita inakula karibu milimita 3 za mbao na kuzigeuza unga, na mimi nilichora kama vile msumeno ni mstari wa penseli. 610 na 610 na 3 ni 1223. Bodi ni 1220. Na hapo hatujasafisha kingo, maana bodi ikishushwa kwenye Canter haifiki na pembe zake zote salama. Babu alikata bodi zote sita hivyohivyo, kwa utiifu ambao hadi leo sijui kama ulikuwa utiifu. Mbavu kumi na mbili, nusu fupi nusu ndefu.

Hasara ilikuwa ndogo kuliko aibu. Tulizirudisha zote kwenye msumeno, na rafu zake pia, tukazipunguza hadi zikalingana. Kipimo kilichopona kwenye kila kipande kilikuwa 597. Baba alipita, akaweka tepu juu ya ubavu mmoja, akasoma upande wa inchi: ishirini na tatu na nusu. Futi mbili kasoro nusu inchi. Hakusema neno.

Ukiipiga hesabu utaona uzuri wake. 597 mara mbili ni 1194, ongeza 3 ya msumeno unapata 1197, inabaki 23 za kusafishia kingo. Bodi nzima imetumika upana wake. Mteja akishikilia kina cha 620 kwa sababu ameona kwenye mtandao, bodi inakupa ubavu mmoja tu wa upana huo, na kinachobaki ni 597, kipimo cha Baba kilekile. Tofauti ya sentimita mbili na kidogo kwenye mchoro inaweza kukuongezea bodi kadhaa kwenye oda. Mimi niliyejiita mbunifu nilikuwa nachora kwanza, halafu naitafutia bodi michoro yangu. Siku hizi nafungua ukurasa wenye mstatili wa 1220 kwa 2440, kabati linaanzia hapo.

Kupanga vipande kwenye bodi ndipo programu inapopata kazi ya kweli. Tatizo lenyewe ni la zamani na lina heshima zake. Mwaka 1938 watu wa shirika la plaiwudi huko Leningrad walimwendea mwanahisabati kijana, Leonid Kantorovich, wakitaka kujua namna ya kugawa kazi kwenye mashine zao ili zitoe zaidi. Mwaka uliofuata akatoa kijitabu kilichogusa pia ukataji wa malighafi kwa kupoteza kidogo. Mwaka 1975 yeye na Tjalling Koopmans walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Huwa namtania Babu kwamba hesabu yake ina Nobel. Yeye anauliza tu pesa yake ilipelekwa wapi.

Ugumu ni kwamba namna za kupanga ni nyingi mno. Vipande ishirini tu, mpangilio ukiubadilisha kidogo na hiki ukikigeuza, kompyuta haiwezi kujaribu yote ukiwa bado hai. Kwa hiyo programu yangu haitafuti jibu bora kuliko yote. Inapanga vipande kuanzia kikubwa, inaweka kila kimoja mahali pa kwanza kinapoenea, kama unavyopanga masufuria kwenye kabati la jikoni: ukianza na vidogo, sufuria la pilau litalala sakafuni. Kisha inachanganya mpangilio mara elfu kadhaa na kubakiza uliotumia bodi chache. Kwa karakana yetu inatosha.

Toleo la kwanza lilinipa mchoro wa kupendeza, vipande vinne vimezunguka cha tano katikati kama mabawa ya feni, mabaki karibu hakuna. Nikaupeleka kwa kiburi. Babu akauzungusha, akauzungusha tena. "Naanzia wapi hapa?" Hakukuwa na pa kuanzia. Msumeno wa mezani unapita kutoka ukingo hadi ukingo, hausimami katikati ya bodi ukakata kona. Ni kama kashata kwenye sinia: kisu kinashuka moja kwa moja upande huu, ndipo unageuza upande wa pili. Nikaandika upya, programu ikate vipande virefu kwanza, kisha ivipasue kwa upana. Mabaki yaliongezeka kidogo, lakini ikawa karatasi ya kukatia.

Kosa la tatu lilionwa na mteja mwenyewe. Bodi zenye sura ya mbao zina nyuzi zilizochapwa zikielekea upande mmoja. Programu ilikuwa inageuza vipande ipendavyo, tukapeleka kabati ambalo droo mbili zina nyuzi za kwenda juu na moja ya kulala. Tuliibadilisha kwa gharama yetu. Sasa kila kipande kina alama ya ruhusa: hiki kinageuka, hiki hakigeuki.

Nilidhani mafundi watasoma kwenye tableti. Vumbi liliimaliza tableti ndani ya mwezi, na vidole vyenye gundi ya mbao havielewani na kioo. Tukarudi kwenye karatasi ya A4, ila nayo ilichukua matoleo mengi kuliko nembo niliyoringia. Maandishi makubwa ya kusomeka kutoka umbali wa mkono ulionyooka, maana Babu havai miwani akiwa kwenye msumeno, anasema inaingia ukungu. Milimita upande mmoja, inchi upande mwingine. Namba ya kipande kwenye mchoro ndiyo hiyohiyo inayoandikwa kwa chaki juu ya kipande kikishakatwa. Na karatasi za siku nzima zinachapwa asubuhi mapema, kwa sababu umeme ukikatika saa nne hakuna wa kuuliza printa. Kama kuna ubunifu wowote wa kujivunia katika maisha yangu, ni ile karatasi.

Vipisi navyo vimeingia kwenye daftari. Kilichozidi futi moja kila upande kinapewa namba ya chaki, kinaandikwa, na programu inaanza kutafuta kwenye vipisi kabla haijafungua bodi mpya. Migongo ya droo na rafu ndogo karibu zote zinatoka huko. Ukuta umepungua.

Ila kilicholeta faida kubwa zaidi ni hesabu ya bei, na sikuitarajia. Baba alikuwa anatoza nyenzo mara mbili. Bodi, bawaba, reli, jumlisha, zidisha kwa mbili. Rahisi, mteja anajibiwa papo hapo. Lakini kabati lenye droo sita linakula siku za fundi na bodi kidogo, wakati rafu kubwa za duka zinakula bodi nyingi na zinaisha kwa siku moja. Tulipoingiza siku za fundi, mita za utepe wa ejingi wa kufunika kingo za bodi, pango na umeme, ikaonekana droo tulikuwa tunazigawa sadaka, na rafu tunazitoza hadi wateja wanakimbilia kwa jirani. Tukapandisha droo, tukashusha rafu. Baba hakulala vizuri wiki mbili. Wateja kadhaa wa droo walitukimbia kweli, wenye maduka wakaja, na mwaka huo tukanunua msumeno wa pili na kuajiri vijana wawili.

Kitu ambacho programu haijui hadi leo ni ukuta. Kabati la nguo linasimama lenyewe, lakini la jikoni linaingia kati ya kuta mbili, na kuta zetu, tuseme tu, hazijanyooka. Juu unapima 2410, katikati 2395, chini 2402. Nilijaribu kuwaomba wateja wajipimie na kunitumia namba, nikaacha baada ya mara ya pili. Anakwenda Baba mwenyewe. Anapima mahali patatu, anaandika ndogo, anatoa kidogo tena kwa jicho lake, na hicho "kidogo" bado sijaweza kukiandikia fomula.

Kesho tuna jiko la kupima Mbagala. Mimi nashika ncha ya tepu.