Kuhariri Video ya Muziki kwa Kikundi: Dhana Potofu Ninazozisikia Kila Muhula

Kila muhula unapokaribia kwisha, wanafunzi wa utangazaji kutoka vyuo vya hapa Mombasa hubisha mlango wa chumba changu cha uhariri wakiwa wamebakiwa na siku mbili tatu kabla ya kuwasilisha video ya muziki waliyoagizwa kuitengeneza kwa kikundi. Wiki iliyopita walikuja watano, kila mmoja na flashi yake mkononi, na msemaji wao akanieleza kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni kuunganisha tu. "Mwalimu, kila mtu ameshika ubeti wake," alisema. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara nimeishia kuwaona vijana wenye bidii wakirudia usiku kucha kazi ambayo wangeifanya mara moja.

Dhana kwamba kuhariri kwa kikundi ni kugawana wimbo vipande vipande ndiyo inayoharibu video nyingi kuliko kamera mbovu. Flashi ya kwanza siku hiyo ilikuwa na ubeti uliohaririwa kwa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni kila picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda video), ya pili kwa fremu 30 kwa sababu mwenyewe aliufuata mpangilio wa simu yake, na ya tatu kwa fremu 24 kwa sababu alisikia kwamba hivyo ndivyo sinema zinavyotengenezwa. Wimbo wao ulikuwa na mapigo 100 kwa dakika, yaani pigo moja kila baada ya sekunde 0.6, ambazo katika mradi wa fremu 25 ni fremu 15 kamili, katika ule wa 30 ni fremu 18, na katika ule wa 24 ni fremu 14.4, hesabu isiyoangukia mwanzo wa fremu yoyote, ambapo ndipo pekee picha huweza kukatwa. Vipande hivyo vikiwekwa katika mradi mmoja wa fremu 25, programu hulazimika kutupa fremu moja katika kila sita za kile cha 30 na kurudia fremu moja kila sekunde katika kile cha 24, na mcheza ngoma huonekana akigutuka kana kwamba amekanyaga mwiba.

Hata hivyo, tarakimu ni sehemu ndogo ya tatizo, kwa kuwa wangeweza kukubaliana kuhusu fremu 25 siku ya kwanza na bado video ikaharibika. Miongoni mwa picha zao ilikuwepo moja nzuri sana, ya mwimbaji akigeuka kuelekea bahari pale Mama Ngina, ukingoni mwa bahari hapa Mombasa, jua likiwa linazama, na kwa kuwa ilikuwa nzuri, wote watano waliitumia. Mtazamaji angeiona mara tano ndani ya dakika nne. Aliyehariri kiitikio cha kwanza alikuwa amemaliza picha zote za kutoka angani, hivyo kiitikio cha mwisho, ambacho ndicho kinachopaswa kumwinua mtazamaji, kilibaki na picha za ukumbini zilizopigwa kwa haraka. Leso ya mchezaji ilikuwa nyekundu katika ubeti wa kwanza, ikawa ya machungwa katika wa pili na kukaribia waridi katika wa tatu, kwa sababu kila mmoja alirekebisha rangi kwa macho yake na kwa kioo cha kipakatalishi chake. Hakuna kosa hata moja kati ya hayo ambalo mhariri wa ubeti mmoja angeweza kuliona, maana kila kosa lilikuwa baina ya vipande.

Kinachogawanywa ni kazi, wala si wimbo. Mtu mmoja anakili klipu zote na kuzipa majina, akiziweka katika diski mbili tofauti kabla ya kadi ya kamera kufutwa. Wa pili anazilinganisha zote na sauti ya wimbo uliorekodiwa studio. Wa tatu anachagua zinazofaa na kuzitia alama. Kisha mkono mmoja, nasisitiza mmoja, unapanga mkato wa awali, yaani mpangilio wa kwanza wa picha, wa wimbo mzima kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, huku wengine wakitazama pamoja na kuandika maoni yao kwa dakika na sekunde. Baada ya hapo ndipo mwingine huchukua rangi, na mwingine maandishi na utoaji wa video ya mwisho. Ushauri wangu, ambao baadhi ya wanafunzi huuona mkali, ni kwamba aliyeshika kamera asishike mkato wa awali, kwa kuwa aliyesimama majini hadi magotini ili apate picha fulani hawezi kukubali kwa urahisi kwamba picha hiyo haifai.

Ninajua dhana hii inakotoka. Wanafunzi wanaogopa alama: mhadhiri atauliza nani alifanya nini, na ubeti uliohaririwa na mtu mmoja unaonekana kuwa ushahidi ulio wazi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ni daftari la kazi linaloonyesha nani alifanya nini na siku gani, pamoja na kuhifadhi kila toleo la mradi kwa namba na tarehe. Nawasihi na wahadhiri wenzangu waliombe daftari hilo mapema, kwa sababu wasipoliomba, wanafunzi wataendelea kukata wimbo kama mkate.

Wengine huniambia kwamba mhariri mmoja haiwezekani kwa kuwa kompyuta ya kila mmoja ni dhaifu. Picha ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, ina pikseli mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, na ni kweli kipakatalishi cha kawaida hukwama. Tengenezeni nakala nyepesi za pikseli 1280 kwa 720, fanyeni uhariri kwa nakala hizo, na mwishoni mwielekeze programu kwenye klipu asilia. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve hufanya hivyo hata katika toleo lake la bure. Folda zipangwe sawasawa katika kila diski, la sivyo mradi ukihamia kompyuta nyingine utafunguka bila picha. Klipu zisitumwe kwa WhatsApp kama video, kwa kuwa hubanwa na kupoteza ubora. Zikilazimika kupita huko, zitumwe kama dokumenti.

Dhana ya pili ni kwamba midomo ya mwimbaji italinganishwa na sauti baadaye kwa macho. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwimbaji aliye mita 30 kutoka kwenye spika inayomchezea wimbo wakati wa kupiga picha husikia wimbo ukiwa umechelewa kwa fremu zaidi ya mbili, na mdomo wake utachelewa vivyo hivyo. Spika iwe karibu naye, na kamera irekodi sauti ya pale hata kama haitatumika, kwa kuwa ndiyo inayomwongoza mhariri. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe zikiwa zinarekodi, ndiyo maana midomo hulingana ubeti wa kwanza na kuachana na sauti kufikia wa tatu; klipu hizo zigeuzwe ziwe na kasi isiyobadilika kabla ya kuhaririwa.

Mwendo wa polepole nao hauumbwi kwa kitufe. Klipu ya fremu 25 ikipunguzwa kasi kwa nusu hubaki na picha mpya 12 au 13 tu kwa sekunde. Pigeni kwa fremu 50, na kama mtu anaimba, wimbo uchezwe kwa kasi maradufu siku ya kupiga picha, ili midomo ilingane na wimbo kasi ya picha ikipunguzwa.

Si kweli pia kwamba kila pigo lazima likatwe. Katika chakacha, ngoma ya pwani ambayo mapigo yake huhesabiwa sita, nimeona vikundi vikihesabu nne na kukata pasipo ngoma wala neno. Sikilizeni kwanza vumi na chapuo, ngoma zinazopigwa humo, na pale kiuno cha mchezaji kinapoeleza kila kitu, acheni picha ikae.

Kuhusu pwani, mhariri hawezi kuficha kwamba mlirudi siku nyingine saa ileile: maji hujaa na kupwa yakichelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mchanga wa Nyali wa Jumatatu si ule wa Alhamisi.

La mwisho ni lile la kwamba kutumia sekunde 30 za wimbo wa mtu bila ruhusa ni halali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina kipimo hicho cha sekunde, na mfumo wa YouTube huweza kutambua hata kipande kifupi. Ruhusa ya msanii iandikwe na kutiwa saini kabla ya siku ya kupiga picha, kwa kuwa video iliyokwisha kuhaririwa haibadilishiwi wimbo: midomo itabaki ikiimba ule wa kwanza.