Kuchemsha hakuondoi floraidi: umbo la molekuli ya maji linaeleza kwa nini

Wazazi wanaotuletea maji kupimwa hapa Arusha huuliza swali moja kuliko yote: "Nikiyachemsha vizuri, hiyo floraidi si itaisha?" Haiishi. Ukiyachemsha muda mrefu, inazidi. Tafadhali endelea kuchemsha maji ya kunywa, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinakufa kwa moto. Floraidi ni madini yaliyoyeyuka kwenye maji, haina uhai wa kuuliwa, na moto wa jikoni hauwezi kuitoa ndani ya maji. Sababu yake imo kwenye umbo la molekuli ya maji, mada ambayo wanafunzi wetu wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaiacha kwenye karatasi. Inanisikitisha, maana kwa mkoa wetu mada hiyo inahusu meno na mifupa ya watoto, ambayo floraidi ikizidi huiharibu.

Fomula ya maji, H₂O, inakuambia kuna atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Haikuambii zimekaaje. Oksijeni ina elektroni sita kwenye ganda lake la nje. Mbili zinashirikiana na haidrojeni na kufanya bondi mbili, yaani viungo vya atomu, kila kimoja kikiwa na jozi ya elektroni. Nne zinazobaki zinakaa kama jozi mbili pweke, zisizoshirikiana na atomu nyingine. Jozi zote nne, mbili za bondi na mbili pweke, ni hasi, kwa hiyo zinasukumana, na kila moja inajitenga na nyingine kadiri inavyoweza. Zingekuwa sawa zote, pembe kati yao ingekuwa nyuzi 109.5. Lakini jozi pweke hutanuka zaidi na kuzibana bondi za haidrojeni, ndiyo maana pembe ya maji ni nyuzi 104.5. Kanuni hii ya jozi kusukumana iliwekwa wazi na wanakemia Ronald Gillespie na Ronald Nyholm mwaka 1957, na mpaka leo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukisia umbo la molekuli ukiwa na kalamu tu.

Pembe hiyo ndiyo inayoamua mambo. Oksijeni inavuta elektroni kuliko haidrojeni. Kwenye vipimo vya mkemia Linus Pauling vya uwezo wa kuvuta elektroni, oksijeni ina 3.44 na haidrojeni 2.20. Kila bondi ina upande ulioelemewa na elektroni, ulio hasi kidogo, na upande ulio chanya kidogo. Kaboni dioksidi nayo ina bondi za namna hiyo, tena mbili, lakini molekuli yake imenyooka: oksijeni, kaboni, oksijeni. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaovuta kamba kuelekea pande mbili zinazotazamana. Fundo la katikati halisogei. Kwenye maji wavutaji wamesimama upande mmoja, kwa hiyo mvuto haufutiki. Oksijeni inabaki ncha hasi na haidrojeni ncha chanya. Hiyo ndiyo maana ya kusema maji yana polariti na kaboni dioksidi haina, ingawa bondi za zote mbili zina polariti.

Fanya jaribio hili mezani, mbali na moto. Juu ya kipande cha kioo weka tone la asetoni inayofutia rangi ya kucha, tone la spiriti, ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, na tone la maji, yote ya ukubwa mmoja. Asetoni inakauka ukiwa bado unaitazama. Spiriti inafuata. Maji yanabaki pale, tone limevimba mgongo, kwa muda mrefu. Sasa angalia uzito wa molekuli: asetoni 58, ethanoli 46, maji 18. Nyepesi kuliko zote ndiyo ya mwisho kuondoka! Molekuli za asetoni zina polariti, lakini hazina haidrojeni iliyoshikana na oksijeni. Ethanoli inayo moja. Maji yana mbili, pamoja na jozi pweke mbili za kuzipokea, kwa hiyo molekuli moja ya maji inaweza kushikana na jirani zake hadi wanne. Mshiko huo tunauita bondi ya haidrojeni. Hauko ndani ya molekuli, uko kati ya molekuli na molekuli, na wanafunzi huchanganya hapo kila mwaka. Maji yakichemka, H₂O haivunjiki kuwa haidrojeni na oksijeni. Kinachoachia ni mshiko wa majirani.

Mtungi wa gesi ya kupikia unaonyesha upande wa pili. Propani iliyomo ina uzito wa 44, karibu sawa na ethanoli, lakini haina polariti ya kutajika. Molekuli zake zinashikwa na nguvu hafifu za mtawanyiko ambazo Fritz London alizieleza mwaka 1930, zinazotokana na elektroni kuyumba kwa kitambo kidogo sana. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ethanoli kwenye nyuzi 78 juu ya sifuri. Ni shinikizo la mtungi tu linaloifanya propani ibaki kimiminika.

Hata kuchemka kwenyewe huku kwetu kuna tofauti. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kileleni Kibo, mita 5,895, ni karibu nyuzi 80. Bondi za haidrojeni ni zilezile, ila hewa iliyo juu ya sufuria ndiyo imepungua. Ndiyo sababu maharage yanachukua muda hapa kuliko Tanga.

Sasa floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na majirani zake, maji yanaichukua yanapopita chini ya ardhi. Ndani ya maji floraidi ni ioni, yaani chembe yenye chaji hasi kamili. Molekuli za maji zinaizunguka na kuielekezea zile ncha zao chanya, za haidrojeni, kutoka kila upande. Mshiko huo una nguvu kiasi kwamba ioni haiwezi kuruka na mvuke. Unapochemsha, maji yanaondoka peke yake na floraidi inabaki kwenye sufuria. Chukua lita 4 zenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, zichemshe mpaka zibaki lita 3. Jumla ilikuwa miligramu 12 na bado ni 12. Sasa kila lita ina miligramu 4. Katika maeneo mengine kalsiamu ya kwenye maji ingeweza kuikamata floraidi na kuituamisha, lakini maji mengi ya miteremko ya Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo.

Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu ya hali halisi ya vyanzo vyetu, kabla ya kushuka hadi 1.5.

Ili kuitoa floraidi unahitaji kitu kinachoishika kuliko maji yanavyoishika. Mifupa ina kitu hicho. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaotengenezwa pia kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, una fuwele zenye kalsiamu. Ioni ya floraidi inaacha maji, inaingia kwenye fuwele na kuchukua nafasi ya haidroksidi, ioni ya oksijeni na haidrojeni iliyokuwamo. Floraidi huingia hivyohivyo kwenye jino la mtoto linapoumbwa, na ikizidi inavuruga uundaji wa enameli, tabaka gumu la nje la jino, hadi meno yanapata madoa ya kahawia. Usijaribu kuchoma mifupa nyumbani. Joto la kuchomea likipungua, maji yanayopita kwenye mkaa huo yatanuka, likizidi mkaa unapoteza uwezo, nao mkaa mzuri huchoka na lazima ubadilishwe.

Mwenye mtoto aliye chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya kudumu bado yanaumbwa, aanze kwa maji ya uji na ya kunywa: atumie ya mvua au yaliyochujwa, hata kama ya kufulia ni ya kisima. Apunguze magadi kwenye makande, kwa kuwa magadi mengi ya ziwani yana floraidi. Na asitegemee kipimo cha jirani, kwa sababu vyanzo viwili vilivyo karibu hapa vinaweza kutofautiana sana. Sampuli iletwe kwenye chupa safi ya plastiki, iliyosuuzwa kwa maji yaleyale ya chanzo, ikiandikwa mahali na tarehe. Isiletwe baada ya kuchemshwa.